William Hamilton: Aliyesoma ugonjwa katika wimbo wa ndege

KABLA magari ya mizigo hayajaanza kunguruma kuelekea forodhani Mpondwe, kuna ndege mmoja anayeniamsha hapa Bwera. Ni mdogo, ana nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa, na makao yake ni migomba iliyo nyuma ya nyumba yangu. Dume huanza, jike hudakia, na sauti zao hupanda pamoja mpaka huwezi kujua nani ameishia wapi na nani ameanzia wapi. Majirani zangu humchukulia kama saa ya bure. Ukweli ni kwamba ndege huyo hana habari na sisi. Anawatangazia ndege wenzake kuwa migomba hii ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe yu hai na ana nguvu.

Masika ya mwaka 2021 dume yule alinyamaza. Nilimkuta amejikunyata kwenye kuti la mgomba, manyoya yamefumka kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Siku ya tatu jozi nyingine kutoka upande wa bondeni ilikuwa imekwisha sogea hadi kwenye mparachichi wangu, ikiimba bila wasiwasi. Baada ya wiki moja hivi dume wangu alirudiwa na sauti, akaimba asubuhi tatu mfululizo, na wale wageni wakarudi kwao. Mparachichi ukawa wake tena.

Kisa hicho kilinikumbusha mtu ninayetaka kumzungumzia leo, hayati Profesa William Donald Hamilton, mwanabiolojia wa Uingereza aliyefariki dunia Machi 7, 2000. Najua, ndugu msomaji, kwamba umezoea kusoma wasifu wa marais, majenerali na wafalme. Hamilton hakuongoza nchi wala jeshi. Lakini ndiye aliyeuliza, kwa uzito kuliko wote waliomtangulia, kama wimbo wa ndege unaweza kutueleza hali ya damu ya mwimbaji. Na ugonjwa wa safari yake ya mwisho ulimpata huku kwetu, ng'ambo ya mpaka, katika misitu ya Kongo.

Hamilton alizaliwa Agosti 1, 1936 mjini Cairo, Misri. Wazazi wake walikuwa watu wa New Zealand. Mama yake, Bettina, alikuwa daktari. Baba yake, Archibald, alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa barabara maarufu katika milima ya Wakurdi kule Iraki, na baadaye akabuni daraja la chuma la vipande vinavyofungwa kwa bolti, linaloweza kusimamishwa haraka mahali ambapo mto umekata njia. Sisi wa Kasese tuliouona Mei 2013 mto Nyamwamba ukibeba madaraja na nyumba za Kilembe, tunaweza kuithamini kazi ya mtu wa namna hiyo bila kufundishwa.

Mtoto alikulia mashambani katika jimbo la Kent, akikusanya vipepeo na mbawakawa. Baba alikuwa amehifadhi nyumbani baruti aliyoitumia wakati wa Vita Kuu ya Pili kutengenezea mabomu ya mkono kwa ajili ya walinzi wa kiraia. Akiwa na umri wa miaka 12, kijana aliichezea, ikamlipukia. Madaktari walilazimika kumpasua kifua ili kuokoa maisha yake, na ncha za vidole vya mkono wake wa kulia zikakatwa. Alikaa miezi mingi akiuguza majeraha. Mtu aliyelala hivyo katika utoto wake, akiutazama mwili ukijirekebisha wenyewe kidogo kidogo, sishangai kwamba baadaye alitumia nusu ya maisha yake kufikiri juu ya ugonjwa. Hilo ni wazo langu tu.

Alisoma Cambridge, na huko alikutana na kitabu cha Ronald Fisher juu ya jeni na uteuzi wa asili, ambacho walimu wake wengi hawakukijali. Baada ya hapo alikwenda London kufanya shahada ya uzamivu. Mada yake ilikuwa ngeni kiasi kwamba hakupata hata meza ya kudumu ya kufanyia kazi. Jioni, chumba cha kupanga kilipomlemea kwa upweke, alikuwa akienda kukaa kwenye mabenchi ya stesheni ya treni ya Waterloo na kupiga hesabu zake huko, katikati ya watu wanaosubiri safari, kwa sababu tu alitaka kuwa karibu na binadamu wengine. Kila ninapofikiria picha hiyo namwona mmoja wetu. Tuliosoma ugenini tunayajua mabenchi ya namna hiyo.

Hesabu za Waterloo zilichapishwa mwaka 1964. Zilijibu swali lililomsumbua hata Darwin: kwa nini nyuki humchoma adui na kufa yeye mwenyewe, ilhali hatapata mtoto? Hamilton alionyesha kwamba jeni linaweza kuenea si kupitia watoto wako pekee, bali pia kupitia ndugu zako wanaolibeba jeni hilo hilo. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki nawe nusu, binamu hushiriki sehemu moja ya nane. Ukizidisha faida anayoipata ndugu kwa kiwango cha udugu wenu, na jibu likazidi hasara yako, basi kujitoa kwako kuna mantiki. Mwanabiolojia mwenzake mwenye jina kubwa, John Maynard Smith, aliipitia kazi hiyo kabla haijachapishwa, kisha akatoa makala yake fupi juu ya wazo linalokaribiana nalo na akalipa jina ambalo limedumu. Hamilton alilibeba jambo hilo moyoni kwa miaka mingi.

Nilikutana na jina lake kwa mara ya kwanza katika maktaba ya chuo cha ualimu nchini Tanzania, ndani ya nakala chakavu ya kitabu cha Richard Dawkins cha mwaka 1976, kitabu ambacho kwa sehemu kubwa kinayaeleza mawazo ya Hamilton kwa watu wa kawaida. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1982, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, na shule zangu zote nilizisoma mkoani Kagera. Tulirudi Bwera mwaka 2004. Nilirudi na cheti cha kufundisha biolojia, Kiswahili cha Bukoba na Kikonzo kilichowafanya binamu zangu wacheke.

Turudi kwa Hamilton. Alifundisha London kwa miaka kadhaa, na wanafunzi hawakumpenda. Sauti yake ilikuwa ya chini, aliongea akiutazama ubao, na mara nyingi alipotea katikati ya maelezo yake mwenyewe. Alimwoa Christine Friess mwaka 1967, wakapata mabinti watatu. Alikwenda Brazil mara kwa mara kuchunguza nyigu, na misitu ya Amazon ikawa kwake nchi ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Huko ndiko fikra zake zilipogeukia vimelea. Swali lilikuwa hili: kwa nini viumbe vingi huzaana kwa dume na jike, wakati kujizaa peke yako ni rahisi na haraka zaidi? Mwaka 1980 alitoa jibu lake. Vimelea, yaani minyoo, bakteria, virusi na vijidudu vya malaria, huzaliana upesi sana, na kila kizazi chao huboresha mbinu za kutuingia. Mfikirie mwizi anayeshinda nje ya duka lako akichonga funguo. Kama kufuli ni lile lile miaka nenda miaka rudi, siku moja ufunguo utaingia. Kuchanganya jeni za baba na mama ni kubadilisha makufuli kila kizazi. Mfanyabiashara wa Mpondwe hahitaji digrii kulielewa hilo.

Kutoka hapo alipiga hatua iliyofuata. Ikiwa makufuli hubadilika kila mara, jike anayetafuta baba wa watoto wake anahitaji kujua ni dume gani mwenye makufuli mazuri ya wakati huu. Hawezi kuipima damu yake. Atazame nini? Hamilton, pamoja na mwanafunzi wake Marlene Zuk, alijibu katika makala ya mwaka 1982 kwenye jarida la Science kwamba atazame na asikilize vitu ambavyo mgonjwa hawezi kuvimudu: manyoya yanayong'aa na wimbo. Walikusanya tafiti saba zilizokwisha fanywa juu ya vijidudu vya damu katika ndege waimbaji wa Amerika Kaskazini, wakaipa kila aina ya ndege alama kwa uangavu wa dume, uangavu wa jike na wimbo wa dume. Walikuta kwamba aina zinazosumbuliwa zaidi na vijidudu vya damu ndizo zenye mapambo na nyimbo za kujionyesha zaidi. Uhusiano ulikuwa dhaifu, nao hawakuficha hilo, lakini haukuonekana kuwa wa bahati nasibu. Mahali ambapo maradhi ni mengi, ndipo penye sababu kubwa ya kuonyesha kwamba wewe umeyashinda.

Makala ile iliwasha moto. Mwaka 1989 Andrew Read na Paul Harvey waliupitia upya ushahidi ule na kuutilia shaka, hasa jinsi alama za uangavu zilivyotolewa. Upande wa pili, Zuk na wenzake walichukua majogoo wa jamii ya kuku-mwitu, mababu wa kuku wetu hawa wa kienyeji, wakawaambukiza baadhi yao minyoo ya utumbo wangali vifaranga. Walipokua, wale wenye minyoo walikuwa na vishungi vilivyofifia, na matetea waliopewa nafasi ya kuchagua waliwaendea wazima takriban mara mbili zaidi. Nenda gulioni Mpondwe ukamwone mama anayenunua jogoo. Atamtazama kishungi kwanza, kisha macho, kisha atambana kidogo asikie sauti yake. Hajawahi kusikia jina la Zuk wala la Hamilton.

Lakini kuna jambo ambalo makala ya 1982 haikulieleza: ndani ya mwili wa ndege mmoja, ugonjwa unaufikiaje wimbo? Wengi wetu tunadhani mgonjwa hunyamaza kwa sababu kijidudu kimemla nguvu. Mwaka 1988 Benjamin Hart, daktari wa mifugo wa California, alipendekeza kulitazama jambo hilo kwa njia nyingine. Seli za kinga zinapomtambua adui hutoa kemikali ziitwazo saitokini, na hizo hupeleka habari hadi kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotoa amri: joto lipande, hamu ya kula ipungue, misuli ipumzike, mwenye mwili ajitenge. Kunyamaza, kulala na kukataa chakula ni mpango wa mwili wenyewe wa kubana matumizi ili fedha yote iende vitani. Ng'ombe aliyelala pembeni ya zizi akikataa majani anaweza kuwa anatekeleza amri hiyo.

Ushahidi kwa upande wa ndege ulikuja baadaye, na njia iliyotumika ni ya werevu. Ukitaka kujua kama ni kinga inayonyamazisha na si kijidudu, mpe ndege kitu kinachoamsha kinga lakini hakiwezi kuzaliana wala kumla. Mwaka 2004 watafiti nchini Hungaria waliwadunga ndege wadogo wala-nzi chembe nyekundu za damu ya kondoo. Hazina ugonjwa wowote, ila mwili huziona kuwa ngeni na kuanza mapambano. Madume waliodungwa walipunguza kuimba. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine huko Marekani waliwachezea shomoro wenye utosi mweupe kanda ya wimbo wa mpinzani. Wale wenye malaria ya ndege katika damu walijibu kwa nyimbo chache zaidi kuliko wasio nayo.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Noah Owen-Ashley na John Wingfield, uliochapishwa mwaka 2006. Waliwakamata shomoro madume wa porini pwani ya magharibi ya Marekani, ambao hulinda maeneo yao karibu mwaka mzima, wakawadunga kipande cha ganda la bakteria kisicho na uhai, kisha wakawaachia. Baadaye walikwenda kwenye eneo la kila mmoja na kumwigizia uvamizi: ndege mgeni ndani ya kitundu na kanda ya wimbo wake. Wakati wa baridi, madume waliodungwa walikuwa wanyonge, hawakuimba wala kushambulia kama wenzao. Lakini majira ya kuzaliana yalipofika, kipimo cha namna ile ile hakikuwanyamazisha hivyo. Waliinuka na kulinda. Mwili ule ule, kichokozi kile kile, ila sasa kulikuwa na kiota cha kupoteza. Kumbe amri ya kunyamaza inaweza kuahirishwa, mwenye mwili akipima kwamba kunyamaza leo kutamgharimu zaidi kuliko ugonjwa. Gharama haifutiki, inasogezwa mbele tu.

Hapa naomba niseme jambo la nyumbani. Tuliporudi mwaka 2004, shamba letu la kahawa juu ya Bwera lilikuwa mikononi mwa jamaa zetu, na hilo halikuwa kosa, kwani mtu hawezi kuacha kahawa ife kwa kumsubiri aliyeondoka miaka 22. Kikao cha ukoo kikaitwa ili mpaka upimwe upya. Baba alikuwa na homa. Alikuja, akaketi kwenye kigoda akiwa amejifunga koti jua kali, akatazama chini saa tatu nzima. Kila alipoulizwa aliinua mkono kidogo na kuushusha. Wazee wakaona ameridhika. Masale yakapandwa hatua arobaini ndani ya shamba lake. Wiki mbili baadaye homa ilipoisha alisimama na kusema yote aliyokuwa nayo moyoni, lakini masale yalikuwa yamekwisha shika mizizi, na akaambiwa kwamba angekuwa na neno angelisema siku ile.

Kwa muda mrefu nilimlaumu baba. Niliona aibu kwamba mtu aliyetuvusha mpaka usiku, na kutusomesha kwa kuuza samaki na ndizi, alishindwa kufungua kinywa kwa ajili ya ardhi ya babu yake. Nilipokuja kusoma habari za shomoro wale nilikuwa nimefundisha biolojia miaka mingi, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba unyamavu wa siku ile ulitoka kwenye damu. Baba alifariki mwaka 2011. Masale bado yako pale.

Na kuna upande wa pili, wa wale wanaoahirisha. Juni 2019 virusi vya Ebola viliingia hapa kwetu kutoka Kongo. Mtoto wa miaka mitano alifia katika hospitali ya Bwera, kisha nyanya yake na mdogo wake nao wakafariki. Pale mpakani kila mtu alipimwa joto la paji la uso na kuoshwa mikono. Wengi walitii. Lakini nawajua akina mama waliokuwa wakimeza dawa ya kushusha homa kabla ya kufika kwenye kizuizi, homa za malaria za kawaida tu, kwa sababu siku ya gulio haingoji na samaki wa Katwe hawahifadhiki. Siwatetei, maana homa iliyofichwa ingeweza kuwa ile nyingine na ikatumaliza sote. Ila nilipowatazama nilimwona shomoro wa majira ya kuzaliana, anayeimba na huku mwili unawaka.

Hamilton naye alikuwa wa namna hiyo, na sehemu hii ya maisha yake inatugusa zaidi. Mwaka 1984 alirudi Uingereza kuwa profesa Oxford. Tuzo kubwa zikamiminika, zikiwemo ya Crafoord na ya Kyoto, zote mwaka 1993. Angeweza kustarehe, akaendelea kuzunguka mjini kwa baiskeli kwa mwendo uliowatisha rafiki zake. Katika miaka hiyo akavutwa na swali la asili ya UKIMWI.

Mimi nilikulia Kagera. Hapo ndipo, mapema miaka ya 1980, wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walipoonekana, wakati ng'ambo, katika mwalo wa Kasensero wilayani Rakai, wavuvi na wachuuzi wa magendo walikuwa wakikonda na kufa. Uganda waliuita ugonjwa huo Slim. Kagera waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara wa mpakani. Hivyo mfanyabiashara wa mpakani alibebeshwa lawama tangu siku ya kwanza, hata kwa jina. Nilipokuwa darasa la tatu tulizika wazazi wa wanafunzi wenzangu mara kwa mara mpaka walimu wakaacha kutuhesabia utoro.

Kwa hiyo ninaelewa kwa nini mtu angetaka kujua gonjwa hilo lilitoka wapi. Mwandishi wa habari Mwingereza Edward Hooper, aliyewahi kufanya kazi Uganda katika miaka hiyo, alitoa mwaka 1999 kitabu kinene kiitwacho The River. Alidai kwamba virusi vya sokwe viliingia kwa binadamu kupitia chanjo ya polio iliyojaribiwa katika Kongo ya Wabelgiji kati ya mwaka 1957 na 1960, na kwamba chanjo hiyo ilihusiana na sokwe waliofugwa karibu na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Hamilton aliandika dibaji ya kitabu hicho. Wanasayansi wengi walimkasirikia. Yeye aliona dhana hiyo inastahili kupimwa, na njia ya kuipima ilikuwa kukusanya vinyesi vya sokwe wa eneo lile na kuchunguza virusi vyao.

Alikwenda mwaka 1999, kisha akarudi tena Januari 2000 akiwa na umri wa miaka 63, pamoja na vijana wawili, Michael Worobey na Jeffrey Joy. Wenzetu waliokuwa Bwera wanakumbuka Agosti 1998 vita vya Kongo vilipoanza na majeshi yakivuka hapa. Kisangani wakati huo ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Uganda na Rwanda, ambayo yalikuwa yamekwisha pigana yenyewe kwa yenyewe Agosti 1999 na yangepigana tena vibaya zaidi Juni 2000. Katikati ya hali hiyo profesa mzee alikuwa msituni akiokota vinyesi.

Malaria ikampata. Alifika London mwishoni mwa Januari na kulazwa hospitalini. Kinyume na inavyosimuliwa, si malaria yenyewe iliyoandikwa kuwa sababu ya kifo. Uchunguzi wa kisheria uliofanyika Mei mwaka ule ulieleza kwamba alivuja damu nyingi katika sehemu ya juu ya utumbo, kutoka kwenye kidonda, na viungo vikashindwa kazi kimoja baada ya kingine. Alikaa hospitalini zaidi ya wiki tano.

Na dhana ile? Alikosea, na ni lazima isemwe wazi, hasa huku kwetu ambako maneno ya chanjo zenye sumu husambaa kuliko moto wa nyikani na yalisikika tena wakati wa Ebola. Septemba 2000 Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza kilifanya mkutano ambao Hamilton mwenyewe alikuwa ameupigania, na sampuli za zamani za chanjo hiyo zilizopimwa hazikuwa na dalili ya sokwe wala ya virusi vyake. Mwaka 2004 Worobey, yule yule aliyefuatana naye, pamoja na wenzake walichapisha matokeo kutoka kwa sokwe wa karibu na Kisangani: virusi vyao ni vya tawi lililo mbali na virusi vya UKIMWI. Tafiti za 2006 na 2008 zilionyesha kwamba mzizi uko kusini-mashariki mwa Kameruni, na kwamba virusi vilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi kabla ya chanjo yoyote ya polio. Njia aliyoipendekeza Hamilton, ya kwenda msituni na kuwauliza sokwe wenyewe, ndiyo iliyomkosoa.

Ameacha juzuu tatu za makala zake, kila makala ikiwa na simulizi ya jinsi ilivyozaliwa. Juzuu ya tatu ilitoka mwaka 2005, wenzake wakimwandikia simulizi alizokuwa hajazimaliza. Aliwahi kuandika kwamba angependa mwili wake ulazwe katika msitu wa Brazil ili mbawakawa wakubwa wauzike na kuwalisha watoto wao, naye aruke tena kupitia kwao. Haikuwezekana. Alizikwa Wytham, kijiji kidogo nje ya Oxford, kando ya msitu ambao tangu mwaka 1947 watafiti wa chuo chake wamekuwa wakihesabu viota vya ndege, wakiwavisha pete miguuni na kuchukua tone la damu kutazama nani ana malaria. Kila majira ya kuchipua huingia humo alfajiri, wakati madume yameanza kuimba.